Mgomba Uliovaa Shati la Arusi

Nilikuwa napepeta maharage mbele ya nyumba, jua likiingia nyuma ya kilima, Katekista Nzabandora alipofika akihema. Hakupiga hodi. Alisimama mbali, karibu na zizi la mbuzi, kama mtu anayeogopa mbwa. Sisi hatukuwa na mbwa.

"Mama Constance, Yezu asifiwe."

"Milele. Karibu, Papa Nzabandora. Ukae."

"Apana. Sikai."

Alitoa barua ndani ya koti. Hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya jiwe la kusagia, akarudi nyuma hatua mbili, akajipangusa vidole kwenye suruali.

"Iko na stempu ya Ubeleji," alisema. "Padri njo amenituma. Yeye mwenyewe... hakutaka ilale mu nyumba yake."

Niliitazama kutoka pale nilipokuwa. Ile D yenye tumbo kubwa na mkia uliopinda niliijua tangu tulipokuwa wachumba. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu.

Tulikuwa tumemzika wiki sita kabla.

Nilimaliza kupepeta. Watu niliowasimulia jambo hili huwa wanangoja niseme kwamba nilipiga kelele, nikaanguka. Maharage yalikuwa yamebaki kidogo na mwanga ulikuwa unakwisha. Nilitoa mawe, nikatoa wadudu, nikayamwaga kwenye chungu. Halafu nikanawa mikono, nikaichukua barua. Katekista alikuwa amekwisha kwenda.

Mume wangu anaitwa Damascène. Alikuwa monita, mwalimu wa shule ya watoto, akamaliza masomo yote yaliyopatikana upande wetu, na mwaka 1956 Mapadri walimpeleka Ubeleji, mji wa Louvain, kusomea ile shahada kubwa wanayoita licence. Watu wote wa kwetu, Masisi, walimsindikiza mpaka kwenye kamyo, lori lililompeleka. Mimi nilibaki na wasichana wetu watatu: Constance, Généreuse, na Marie aliyekuwa bado ananyonya. Nilibaki pia na baba mkwe wangu, mzee Sebarenzi, pamoja na shamba la maharage na la muhogo. Mimi mwenyewe nilisoma kwa Masista mpaka nikapata cheti cha umonita, lakini cheti hakilimi.

Mwaka 1958, mwanzoni mwa mwezi wa pili, ilikuja barua kutoka hospitali ya kule. Damascène ana homa ya mapafu. Daktari anaona hatapitisha siku tatu.

Niliisoma kwa sauti. Sebarenzi aliuliza iliandikwa lini. Nikamwambia: tarehe tisa, mwezi wa kwanza. Gunia la barua lilikuwa limekawia njiani. Mzee alihesabu kwa mafundo ya fimbo yake.

"Siku tatu zilikwisha pita mara tisa," alisema. "Mutoto yangu amekufa. Tusimuache inje."

Ndilo kosa letu. Mtu wa mjini angengoja barua nyingine. Sisi hatungoji. Kwetu mtu aliyekufa mbali asipopewa udongo wa nyumbani anazungukazunguka, na anayezunguka huwa anaanza na watoto wake. Padri alisoma misa, lakini alikataa kuzika bila mwili. Basi Sebarenzi akatuma watu Walikale, kijiji cha Mpofi, wakamleta Mama Epiphanie. Yeye alijulikana kwa kuzika walio mbali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye medali ya Bikira Maria shingoni na tumbako mdomoni. Alikata mgomba, akaondoa tunguu la chini na mizizi yote, akaacha gogo tu, urefu wa mume wangu. Akaniambia nilete nguo aliyoipenda. Nilileta shati lake la arusi. Tuliuvika mgomba shati, tukaufunga vifungo, tukauita kwa majina yake yote, tukauzika nyuma ya nyumba. Nililia siku hiyo. Baada ya hapo sikulia tena. Sijui kilio kilikwenda wapi.

Sasa nikafungua barua. Ilikuwa ya tarehe mbili, mwezi wa tatu.

*Mke wangu Emérita,* aliandika. *Nimepona. Najua mlipata habari mbaya, basi mzifute. Ila kuna jambo sijui namna ya kuliandika.*

*Tangu katikati ya mwezi wa pili sisikii baridi. Theluji inafika magotini, wenzangu wamevaa makoti mawili, mimi natembea na shati. Kwanza nilifurahi. Halafu niliegemea jiko la chuma la mama mwenye nyumba, nikasikia harufu ya nyama. Ulikuwa mkono wangu. Sikusikia maumivu.*

*Katika tramu, bibi mmoja alikuja kukaa juu ya magoti yangu, akafungua gazeti. Hakuwa na dharau. Hakuniona. Juzi mlinzi wa nyumba ya vitabu alizima taa na kufunga mlango, mimi niko mezani mbele yake, namwita, Monsieur, Monsieur. Nililala humo.*

*Hapa tangu mwanzo wengine walinitazama mno, wengine hawakunitazama kabisa. Hiyo nilizoea. Hii si ile. Mdomoni nina ladha ya udongo. Mwezi wa saba ninasimama mbele ya walimu watano kutetea kazi yangu. Nitaiteteaje kama hawanisikii? Na kama inaendelea hivi, sijui kama kitabaki kitu cha kurudi nyumbani.*

*Emérita, wewe huogopi ukweli. Kuna kitu mlifanya?*

Niliikunja. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni, maana kuni zilikuwa huko na maharage yanahitaji moto.

Harufu ilinifikia kabla sijafika.

Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi. Mbichi. Unakaza ulimi.

Nilisimama. Hakukuwa na upepo. Migomba yetu iko upande wa pili wa njia, na hakuna aliyekuwa amekata kitu. Halafu nikasikia...

Tone.

Tone.

Chini. Ndani ya udongo.

Nilichukua kuni tatu badala ya kumi, nikarudi bila kugeuka.

Sebarenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amefumba macho. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia mwaka ule, akawa anayafumba ili asikie vizuri.

"Wafu wanajua kuandika," alisema. "Ule alisoma mpaka Ulaya, sasa atashindwa na kalamu?"

"Papa, stempu iko na tarehe."

"Tarehe ni bintu ya Wazungu."

"Basi nitafukua."

Akafumbua macho. "Utafukua na akili ya nani? Mwenye kufunga njo anafungua. Enda Mpofi. Na uende mbio, maana mi pia..." Alishusha sauti. "Mi pia nasikia ile kutona. Nilifikiri ni masikio ya uzee."

Nilimwachia Constance chakula na wadogo zake, nikatoka alfajiri. Kutoka kwetu mpaka Mpofi ni siku mbili na nusu kwa miguu. Unaacha vilima na ng'ombe, unashuka, hewa inakuwa nzito, msitu unafunga pande zote. Nilifuatana na wabeba mawese waliokuwa wanarudi na madebe matupu. Waliimba. Mimi nilihesabu nani atapalilia maharage nikikawia.

Mama Epiphanie alikuwa anatwanga ngazi, zile chikichi za mawese, mbele ya nyumba yake. Aliniona, hakuacha kutwanga.

"Weye njo muke ya ule mwanafunzi," alisema. "Hakufa."

"Hakufa."

"Hm." Akatwanga mara tatu. "Bantu ya milima muko na haraka. Ata kuku munachinja mbele maji haiyachemuka."

"Mama, nisaidie. Bazungu hawamuoni tena. Ata moto haimuunguzi."

Aliweka mchi chini. Aliniita kwa kidole, nikasogea mpaka nikanusa tumbako yake. Akanong'ona.

"Muntu iko na nafasi yake mu nyumba. Mulimutoa, mukaingiza ingine. Sasa yeye anasimama wapi? Enda, ufukue. Kama mugomba umeoza, utupe mu jua. Bitaisha. Lakini kama umeweka muzizi..."

"Gogo lenye kukatwa bila muzizi haliote, Mama. Ata mutoto anajua."

"Mi nilijua migomba mbele ya weye kuzaliwa. Kama umeweka muzizi, usiukate. Ukiukata, unamukata. Uubebe mu nyumba. Uulishe na bengine. Uuite jina yake. Ukishiba hapa, yeye ataonekana kule."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atarudi."

"Na akirudi?"

Alichukua mchi wake. Alitwanga muda mrefu hata nikadhani amesahau swali.

"Atarudi na njaa," alisema. "Mi sijui ingine. Hakuna mwenye alikuya kuniambia."

Nilimwachia chumvi niliyobeba, nikageuka siku ileile.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni, tarehe ishirini na tisa. Sikukaa. Nilichukua jembe. Sebarenzi alikaa juu ya kigoda na rozari yake, wasichana nikawafungia ndani.

Udongo ulikuwa laini. Ulipaswa kuwa mgumu baada ya wiki saba... ulikuwa laini kama wa tuta jipya. Nilichimba. Harufu ile ilipanda mpaka ikanitoa machozi, na hayo hayakuwa ya kulia.

"Unaona nini?" Sebarenzi aliuliza.

"Bado."

Jembe likagusa kitu. Kitu kikatetemeka.

Nilisikia maji. Niliinama. Jembe lilikuwa limekata kidogo upande wa juu, karibu na kola ya shati, na pale palipokatwa palitoka maji meupe, mengi. Niliweka kiganja.

Yalikuwa na joto. Joto la maziwa yanapotoka kwenye ng'ombe.

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikakandamiza mpaka yakaacha kutoka. Halafu nikaondoa udongo uliobaki kwa mikono, taratibu, jinsi unavyofukua viazi usitake kuvikwaruza. Shati lilikuwa jeupe. Tulilizika likiwa kubwa kwa gogo lile, na sasa lilikuwa limebana, vifungo vimekaza. Kutoka kwenye mikono ya shati ilitokeza mizizi.

Myeupe, minene.

Mitano huku. Mitano huku.

"Emérita," mzee alinong'ona. "Unaona nini?"

"Umeota, Papa."

Alisali Salamu Maria moja nzima kabla ya kujibu. "Basi tumubebe."

Tuliubeba. Ulikuwa na uzito wa mtu aliyelala. Tuliusimamisha ndani ya kikapu kikubwa cha kuvunia, tukajaza udongo, tukauweka upande wa ukuta, mbali kidogo na moto. Jioni hiyo niliumwagia maharage na mchuzi penye udongo. Nilisema, "Damascène, kula." Nilijisikia mjinga.

Asubuhi udongo ulikuwa mkavu na safi. Hapakuwa na hata ganda moja la haragwe. Wasichana walisema ni panya. Niliwaacha waseme hivyo.

Barua iliyofuata ilifika mwezi wa tano.

*Sijui nikueleze nini,* aliandika. *Tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa tatu, jioni, niliumia bega. Nilikuwa nashuka ngazi, shati likalowa damu. Na niliumwa! Nilicheka kwa maumivu. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akapiga kelele, "Bwana Damascène, umekuwa wapi siku zote hizi?" Amekuja pia mwanafunzi mwingine kutoka Kasai, tunakaa chumba kimoja, tunazungumza mpaka taa inazimwa. Labda ni yeye aliyeniponya. Labda nilikuwa mpweke tu.*

Labda. Niliisoma mara mbili, nikaiweka juu ya dari pamoja na mbegu.

Mwezi wa saba alitetea kazi yake. Walimu watano walimsikia. Walimpa alama nzuri, wakamwomba abaki mwaka mmoja zaidi. Aliniuliza kama nakubali. Niliutazama mgomba ndani ya kikapu. Ulikuwa umefika urefu wake na kusimama hapo. Haukuzaa mkungu, haukukauka. Nilimwandikia kwamba nakubali.

Hivyo tuliishi nao miezi kumi na saba. Katekista akija, tulikuwa tunaufunika kwa mkeka. Mtu huzoea. Sebarenzi, macho yake yakiwa yamekwisha kabisa, aliuhadithia habari za mbuzi na za majirani. Marie, aliyeachwa bado ananyonya, hakujua baba mwingine. Alikuwa anaegemea lile shati akilala. Alipoita "Papa", jani la juu lilikuwa linajikunjua kidogo... na nyumba yetu haina dirisha la kuingiza upepo. Mimi pia, sitasema uongo, nilikuwa nauambia mambo ya siku. Ulisikiliza kuliko alivyokuwa akisikiliza mwenyewe.

Alirudi mwezi wa nane, mwaka 1959, Jumanne, bila kutuma habari. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu wa muhogo. Nilisikia mtu ametua kitu kizito mlangoni. Niligeuka.

Hakukuwa na mtu.

Nikarudia chungu changu. Halafu sauti ikasema, karibu sana:

"Emérita."

Ilibidi nikaze macho, kama unavyotafuta tundu la sindano jioni. Ndipo akaja. Kwanza koti. Halafu miwani. Halafu uso, umekonda.

"Uko na njaa?" nilimuuliza. Ndilo neno lililotoka.

"Mingi," alisema. "Tangu Goma nasimamisha kamyo. Ata moja haikusimama. Nimetembea."

Constance aliingia na beseni la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Alipita karibu naye hata beseni likagusa koti, akaendelea. Ni mtoto mwenye adabu. Nikamwambia, "Constance, salimia papa yako."

"Nilimusalimia asubui, Mama," alisema, akaelekeza kidevu upande wa kikapu.

Sebarenzi alinyoosha mkono gizani mwake. "Damascène, sogea kwa moto, mutoto yangu."

"Ndiyo, Papa," alijibu mume wangu, nyuma yake.

Mzee hakugeuka. Alikuwa anapapasa shati la arusi, akilitengeneza kola.

Damascène alikaa chini karibu na mlango, kofia juu ya magoti. Aliutazama mgomba muda mrefu. Alitazama kovu lililo chini ya kola, akaweka mkono juu ya bega lake.

"Mulimulisha muzuri," alisema.

"Ilikuwa juu ya weye, upone kule."

"Najua."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Hakukuwa na kitu. Nililifikiria panga lililokuwa nyuma ya mlango. Nililifikiria bega lake pia. Marie alikuwa amekwisha kuegemea shati, kidole mdomoni, anasinzia. Niliacha panga mahali pake. Bukari ilikuwa inapoa.

"Constance, hesabu bantu, nipakue."

Aliangalia kuzunguka moto. "Babu, Généreuse, Marie, Papa, weye, miye. Sita. Bote tuko, Mama."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mtu aliyesoma kiasi kile, na alikuwa anasikiliza jinsi mwanafunzi anavyongoja jina lake kati ya waliofaulu.

Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole. Kidole kinayaonyesha mauti pa kuanzia. Lakini asiyehesabiwa hana nafasi nyumbani. Nilijifuta mkono kwenye kitenge, nikanyoosha kidole. Nilianza na mzee, nikamgusa bega. Moja. Constance, mbili. Généreuse, tatu. Marie, nne, aliguna, akageuka upande mwingine. Nikagusa shati la arusi. Tano. Lilikuwa na joto. Nikajigusa kifua. Sita.

Nikaenda mpaka mlangoni.

Kidole kiliingia kidogo ndani ya koti... kabla ya kukuta kitu cha kugusa. Kitu kile kilikuwa baridi. Nilikandamiza. Sikuondoa mpaka nikasikia mfupa, na yeye akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Saba," nilisema. "Tuko saba. Urudie, Constance."

Aliangalia pale nilipoweka kidole. Macho yake yalitafutatafuta, kama ya mtu anayesikia mbu asimwone.

"Saba," alisema polepole.

Nilipakua mara saba. Maharage, sombe, bukari. Wote walikuwapo. Wote walikula.